Kiti cha Lori Kilichodidimia, na Namna ya Kukitengeneza Nyumbani

Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kusema habari ya jambo ambalo wenye malori wengi hulidharau, nalo ni kiti cha dereva kilichodidimia. Lori likipasuka mpira, kazi husimama saa ile ile, na fedha hutafutwa upesi. Breki zikilegea, mwenye akili hataki kutoka uwanjani. Lakini kiti kikibonyea, dereva hukunja blanketi, hulitia chini yake, akaendelea na safari. Na mwaka wa pili blanketi lile limekuwa mablanketi mawili na mto. Twataka kuonyesha ya kwamba blanketi hilo si dawa, na ya kwamba dawa yenyewe yaweza kufanywa nyumbani kwa muda wa siku moja na nusu, tena kwa vitu ambavyo vingi vyake hutupwa.

Hapa Mwanjelwa jambo hili latuhusu sana. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hata Zambia yapita kati ya mji wetu wa Mbeya, na sokoni kwetu malori huja na viazi vya Uporoto, mchele wa Kyela na wa Usangu, ndizi za Tukuyu na mbao za upande wa Iringa. Dereva wa mizigo hiyo hukaa kitini tangu alfajiri hata usiku. Akitoka Iringa, ana kilometa zaidi ya mia tatu kabla ya kufika kwetu, na bado Mlima Nyoka wamngoja. Akiendelea upande wa magharibi, kuna mteremko wa Iwambi, ambao kila dereva wa njia hii aujua na kuuogopa.

Taabu hii si ya leo. Mwezi wa Novemba, mwaka 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru, Zambia ilifungiwa njia zake za kupata mafuta kutoka kusini. Basi mafuta yakaanza kupakiwa katika mapipa Dar es Salaam, yakaletwa kwa malori kupitia nchi yetu hii ya juu, na malori hayo yakarudi na shaba. Wakati ule sehemu kubwa ya njia haikuwa na lami. Wakati wa kiangazi ilikuwa vumbi na matuta madogo madogo mfululizo, na wakati wa masika ilikuwa tope, hata Wazungu wakaiita njia ya jehanamu. Lami imekuja, lakini barabara za vijijini zinakochukuliwa viazi na mbao zingali na matuta yale yale, na mgongo wa mwanadamu haukubadilika.

Na tuseme kwanza habari ya mgongo huo. Mtu aketiye huwa kama springi yeye mwenyewe. Wachunguzi wa mambo haya wamepima wakaona ya kwamba mtetemo wa kwenda juu na chini unaoudhuru zaidi uti wa mgongo ni ule wa mara 4 hata 8 kwa sekunde moja, kwa kuwa mwili huitikia mtetemo huo na kuuzidisha, badala ya kuupunguza. Kiti kizima kazi yake ni kuumeza mtetemo huo kabla haujafika mgongoni. Kiti kilichodidimia hakiwezi tena, kwa sababu springi zake zimekwisha kushuka mpaka mwisho wa mwendo wao. Gurudumu likiingia shimoni, pigo hupita moja kwa moja kutoka kwenye chuma mpaka kwenye nyonga. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo la kuwataka waajiri kupima mtetemo unaowapata wafanyakazi wao, na madereva wa mitambo na malori wamo. Sisi hatuna haja ya mashine kuyajua haya. Tuwatazame tu madereva wanavyoshuka garini pale stendi, mkono mmoja kiunoni.

Lakini kuna hatari nyingine ambayo haisemwi, nayo yawahusu hata wasiopanda lori kamwe. Kiti kikishuka sentimeta 8, macho ya dereva hushuka sentimeta 8. Mtu mfupi hapo hutazama barabara kupitia katikati ya usukani, na sehemu ya ardhi iliyo mbele ya lori, ambayo hata siku njema haionekani yote, huzidi kufichwa. Katika mji wetu ndipo hasa wanapopita watoto wa shule, mama wenye matenga kichwani, mikokoteni, bajaji na bodaboda. Na blanketi je? Blanketi humwinua, ni kweli. Lakini breki zikikanyagwa kwa nguvu, huteleza mbele naye huteleza nalo, mguu wake ukipoteza mahali pake juu ya pedali wakati ule ule anapouhitaji. Twaona ni heri kukaa chini kuliko kukaa juu ya kitu kinachoteleza, na yote mawili ni mabaya.

Sasa tuje kwenye kiti chenyewe. Kila mtu aliyelala juu ya kitanda cha kamba ajua ya kwamba kitanda kikilegea hakitengenezwi kwa kuongeza godoro. Godoro likiwa nene namna gani, litafuata shimo. Kitanda hutengenezwa kwa kuzikaza kamba, yaani kukiwamba upya, ndipo godoro lile lile la zamani huonekana jema. Kiti cha lori ni vivyo hivyo. Kina kiunzi cha chuma au cha mti, ndicho mafundi waitacho fremu, mfano wa mifumbati ya kitanda. Juu ya kiunzi kuna springi, ama za kuzunguka, ama za waya uliopindwapindwa kama nyoka. Juu ya springi kuna gunia au kitambaa kigumu, juu ya gunia kuna sponji, na mwisho ni gamba la nje la ngozi bandia au kitambaa. Kiti huanza kufa kutoka chini kwenda juu, na watu hukitibu kutoka juu.

Kabla ya kufungua neno lolote, lala chini ya kiti na tochi, ukatazame. Ukiona unga wa rangi ya manjano au ya hudhurungi umemwagika sakafuni, huo ni unga wa sponji, na maana yake springi zinaisaga kwa kuwa gunia lililozitenga limeraruka. Ukiona springi imening'inia, imechomoka katika ndoano yake. Ukiona waya umekatika, basi umekatika. Kisha chukua fimbo iliyonyoka, uiweke juu ya kiti kutoka ukingo hata ukingo, upime kwa rula kutoka kwenye fimbo mpaka chini ya shimo. Fanya hivyo hivyo kwa kiti cha abiria ambacho hakijatumika sana. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo unayotaka kuirudisha, wala usizidishe, kwa maana kiti kilichoinuliwa kupita kiasi hugongesha kichwa cha dereva darini na kumwondolea mguu kwenye klachi.

Wakati ule ule tazama kama springi zilizolegea zagusa kitu. Katika Volkswagen za zamani, zile zenye mgongo wa mviringo, betri ilikaa chini ya kiti cha nyuma, na kiti kikibonyea springi zake ziliweza kugusa vichwa vya betri na kuwasha moto. Baadhi ya Land Rover za zamani zina tangi la petroli chini ya kiti cha mbele. Basi mwenye gari la namna hiyo asione kiti kilichobonyea kuwa ni jambo la maumivu tu.

Jioni ya siku ya kwanza, tia mafuta kidogo kwenye boliti zinazoshika kiti sakafuni, maana kwa kawaida zimeshika kutu. Asubuhi fungua waya wa betri wa upande wa hasi. Ikiwa ni gari la miaka ya karibuni, nawe waona chini ya kiti kiungo cha waya chenye rangi ya manjano, acha hapo hapo. Hiyo ni alama ya mfuko wa hewa wa kumkinga dereva ajali itokeapo, na kuuchezea kwaweza kuufyatua usoni pako. Gari hilo lipelekwe kwa fundi aliyejifunza. Hali kadhalika kiti kinachoinuliwa kwa upepo, kama vile vya malori makubwa ya safari za mbali: hicho kikishuka, mara nyingi kosa ni upepo unaovuja, nawe utaupata kwa kupaka mipira yake maji ya sabuni na kutazama povu. Maneno yetu ya leo ni ya viti vya kawaida, vile vya malori madogo na vya malori ya zamani.

Toa kiti nje, ukipindue juu ya turubai. Gamba la nje limeshikwa kwa vipete vidogo vya waya kuzunguka kiunzi. Vifungue kwa koleo kimoja kimoja, bila kuvuta gamba kwa nguvu. Kwa kuwa siku hizi karibu kila mtu ana simu yenye kamera, piga picha kila hatua. Si aibu, hata mafundi wazee hufanya hivyo. Kisha toa sponji, toa gunia lililochakaa, na kiunzi kibaki kitupu.

Kiunzi kikiwa na ufa, usiendelee. Kipeleke kwa mchomeleaji kikiwa kitupu hivyo hivyo, wala usikubali akichomelee kikiwa ndani ya gari, karibu na nyaya na mafuta. Springi zilizochomoka zirudishe katika ndoano zake, na ndoano iliyofunguka ibane kwa koleo. Springi iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine ya umbo lile lile kutoka katika kiti kilichotupwa. Viti hivyo havikosekani kwa wauzao vipuri vya magari ya kuvunjwa. Usijaribu kuinyosha springi kwa moto. Chuma cha springi hupewa ugumu wake kiwandani, na kikipashwa moto hata kikawa chekundu ugumu ule hutoka, nayo hugeuka kuwa waya mtupu. Tena usizifunge springi zote pamoja kwa waya ili zisicheze, kama wafanyavyo wengine, kwa sababu kiti kisichocheza ni benchi.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Springi zilizochoka hazirudi kuwa changa, lakini zaweza kusaidiwa, na msaada wake bora ni ule wa kitanda cha kamba, ila badala ya kamba twatumia mpira. Nenda kwa waziba pancha ukaombe mpira wa ndani wa gurudumu la lori usiofaa kuzibwa tena. Uoshe kwa sabuni, uukaushe, uutazame kwa mwanga, na sehemu zenye nyufa uziache. Kata mikanda yenye upana wa sentimeta 5, ukifuata mzunguko wa mpira ili ipatikane mirefu. Kwa kiti chenye nafasi ya sentimeta 50 ndani ya kiunzi, yatosha mikanda minne ya kwenda mbele na nyuma, na minne ya kukatiza.

Kukaza kwake kuna kipimo. Mkanda ukiwambwa bila kuvutwa, utalegea siku ya kwanza. Ukivutwa mno, utakatika kabla ya mvua kuanza. Kwa nafasi ya sentimeta 50, weka alama mbili kwa chaki juu ya mkanda uliolala, zenye kutengana sentimeta 42, kisha uvute mpaka alama hizo zifike kwenye kingo mbili za kiunzi. Hivyo mpira umeongezeka kwa karibu sehemu moja ya tano ya urefu wake, na kiasi hicho chatosha. Kila upande bakiza sentimeta 10 za kuzungushia chuma. Mkanda uzungushwe kiunzi, urudishwe juu yake wenyewe, ushikwe kwa boliti ndogo yenye washa pana pande zote mbili. Tundu la boliti litobolewe la mviringo, kwa kipande cha bomba dogo kilichonolewa mdomo. Usilichane kwa kisu, maana mkato wa kisu huendelea kuchanika kila mpira unapovutwa, lakini tundu la mviringo hukaa. Kiunzi kikiwa cha mti, kunja ncha ya mkanda mara mbili, uipigilie misumari mifupi yenye vichwa vipana. Chuma kikiwa na ukingo mkali, kivishe kwanza kipande cha mpira.

Mikanda ya kwanza ikiisha, ya kukatiza ipitishwe juu na chini yake kwa zamu, kama ukili usukwavyo, ili uzito wa mtu ugawanyike. Mikanda hii ikae chini ya springi, ikizigusa kidogo tu pasipo kuzisukuma juu. Dereva akiketi, springi hushuka kwanza zenyewe, kisha hukutana na mpira, nao huzipokea. Kwa namna hiyo pigo huisha polepole badala ya kufika ghafula kwenye chuma. Haya ndiyo mambo ambayo blanketi haliwezi kuyafanya. Jihadhari tu mpira usikae karibu na bomba la moshi, wala usipatwe na mafuta ya injini, kwa kuwa mafuta huuvimbisha na kuuozesha.

Juu ya springi weka gunia. Tunasema gunia la kweli, la nyuzi za juti, kama yale yapakiwayo kahawa ya Mbozi. Si kiroba cha plastiki, ambacho huteleza, hulia kila gari litikisikapo, na hukatwa na waya upesi. Likunje mara mbili, ulishone kwa shazia na uzi wa katani kuzunguka kiunzi, na hapa na pale ulitie mshono kwenye springi zenyewe lisitembee.

Sponji ya zamani usiitupe yote. Mara nyingi pembe zake ni nzima, na ni mahali pa makalio tu palipokufa. Kata sehemu iliyokufa kwa kisu kirefu chenye makali, ujaze kipande kipya cha ukubwa ule ule, kilicho kigumu chini na laini juu. Sponji ya namna hii yatokana na elimu iliyogunduliwa na Otto Bayer na wenzake katika Ujerumani mwaka 1937, na uzuri wake wote umo katika uzito, wala si katika unene. Wauzaji wengi hukuonyesha unene. Wewe kata kipande cha sentimeta 10 kwa 10 kwa 10, ukipime katika mizani ndogo: kikipungua gramu 30, ni cha mto wa kulalia, nacho kitabonyea kabla ya mwaka kwisha. Vipande vya sponji vilivyosagwa na kushindiliwa pamoja, vyenye rangi nyingi nyingi, havipendezi kwa macho, lakini kwa kazi hii huwa vigumu vya kutosha kuwekwa chini. Usumba wa makumbi ya nazi, ukiupata katika godoro la zamani, ni mzuri pia, kwa kuwa hupitisha hewa. Sufi haifai kwa kiti cha gari. Hushindiliwa ikawa mabonge, tena hushika moto upesi mno. Majani makavu hatuyasemi, ila kwamba panya huyapenda.

Gundi ya viatu yatosha kuunganisha vipande, lakini ipakwe uwanjani, mbali na jiko na sigara, kwa sababu mvuke wake huwaka. Gamba la nje lianikwe juani kwanza, hasa katika miezi ya Juni na Julai ambapo baridi ya Mbeya huifanya ngozi bandia kuwa ngumu na kuchanika. Likivutwa likiwa na joto, hutii. Anza kulifunga mbele, kisha nyuma, na mbavuni mwisho. Vipete vilivyovunjika vitengenezwe kwa waya usioshika kutu.

Kiti kikirudishwa garini, boliti zikazwe zote, na kufuli ya reli inayokisogeza mbele na nyuma ijaribiwe kwa kukisukuma kwa nguvu zote. Ikiwa kiungo cha mkanda wa usalama kimefungwa kwenye kiti, boliti yake irudi mahali pake pale pale, wala isibadilishwe kwa nyingine iliyookotwa. Kisha dereva aketi, atazame. Vioo vyote vitahitaji kugeuzwa, kwa sababu macho yake sasa yako mahali pengine. Twajua madereva waliosahau neno hili, wakaona magari ya nyuma kana kwamba yamepotea. Aende mwendo mfupi, tuseme mpaka Uyole na kurudi, bila mzigo. Baada ya juma moja mpira huwa umekaa, na mkanda uliolegea huvutwa tena kidogo; na baada ya masika ni vema kutazama nyufa.

Kazi yote hii, ukiondoa sponji mpya na gundi, haina kitu cha kununua chenye bei kubwa, na mpira mmoja wa lori hutoa mikanda mingi kuliko inayotakiwa na kiti kimoja. Ile iliyobaki isitupwe. Utingo naye ameketi miaka mingi juu ya ubao na gunia tupu, na kiti chake chaweza kuwambwa jioni ile ile.